Treni haifiki kwenu? Jinsi ya kupanga safari ya bei nafuu kutoka Nairobi

Kila likizo ikikaribia maswali ni yale yale. Naenda Malindi, nishuke wapi? Nikishuka Voi nitapata gari la Taveta? Diani kwa treni nitaokoa pesa au nitazipoteza? Mwongozo huu ni wa mtu anayeanzia Nairobi na anayekwenda mji usio na stesheni ya abiria. Sehemu kubwa inahusu SGR, yaani reli mpya ya Nairobi–Mombasa, kwa sababu ndiyo treni inayosafiri kila siku. Treni nyingine zina aya yake fupi.

Lijue hili mapema: tikiti ya treni si safari nzima. Pesa na muda hupotea kwenye ncha zake mbili, yaani kutoka nyumbani mpaka Syokimau, iliko stesheni ya SGR ya Nairobi, na kutoka stesheni ya mwisho mpaka mlango unakokwenda. Ndiyo maana safari ya aina hii hupangwa kuanzia mwisho kuja mwanzo. Anayekata tikiti kwanza na kuuliza maswali baadaye ndiye hulala Voi bila kupenda.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi

- Kitambulisho cha taifa au pasipoti, ya kila mtu mzima anayesafiri. Namba yake huingizwa wakati wa kukata tikiti na hukaguliwa stesheni.
- Umri kamili wa kila mtoto. Chini ya miaka 3 hulipi. Miaka 3 hadi 11 ni nusu nauli. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa kwa mtoto mwenye mwili mkubwa.
- Simu yenye M-Pesa na salio linalozidi nauli kidogo, kwa ajili ya ada ya kutuma.
- Namba ya simu ya mtu aliye kule unakokwenda: mwenyeji, nyumba ya wageni, au ofisi ya sacco (chama cha wenye matatu).
- Noti ndogo ndogo, za 50, 100 na 200. Boda boda wa stesheni ndogo mara nyingi hana chenji, na mtandao wa simu unaweza kukukatalia saa ile ile unapouhitaji.

Hatua ya 1: Uliza gari la mwisho kabla ya kugusa ratiba ya treni

Piga simu kwa mtu wa mji unakokwenda na umuulize mambo matatu. Magari ya kuja huko yanapandiwa wapi? La mwisho linatoka saa ngapi? Na linaondoka kwa saa au likijaa?

Swali la tatu ndilo watu husahau, na ndilo linaloharibu safari. Matatu la mji mdogo haliangalii saa, linaangalia viti. Ukiambiwa gari la mwisho ni saa kumi na moja jioni, ichukulie kuwa ni saa kumi, kwa sababu likijaa mapema litaondoka na huenda lisifuatwe na jingine. Siku ya soko magari ni mengi. Jumapili jioni hupungua.

Andika jibu kwenye karatasi au kwenye simu. Saa hiyo ndiyo itakayoamua upande treni gani.

Hatua ya 2: Chagua stesheni ya kushukia

Wengi hudhani ni lazima ufike Mombasa ndipo urudi nyuma. Treni ya asubuhi inayosimama njiani ina vituo vya Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani kabla ya kufika Mombasa. Tikiti ya kituo cha kati ni rahisi kuliko ya mwisho wa reli, kwa hiyo stesheni sahihi hukuokolea mara mbili: nauli ya treni na nauli ya kurudi nyuma kwa barabara.

Loitokitok na Kimana: shuka Emali. Barabara ya lami inaanzia pale pale mjini kuelekea kusini. Utafika asubuhi, na muda wa kuunganisha unatosha.

Mutomo na Kitui kusini: Kibwezi, kisha barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui. Kama unakwenda Kitui mjini kwenyewe, achana na treni. Matatu la moja kwa moja kutoka Nairobi ni fupi na rahisi zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa Machakos na Namanga.

Makindu: haimo kwenye orodha ya vituo hivyo, lakini iko kwenye barabara kuu kati ya Emali na Kibwezi. Shuka kimojawapo, upande matatu la barabara kuu.

Mwatate, Wundanyi, Taveta: Voi. Treni ya asubuhi hupita Voi kwenye saa sita mchana hivi, kwa hiyo Wundanyi haina shida. Taveta ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Voi, kupitia Mwatate na Maktau. Unafika vizuri kabla ya giza ukiunganisha bila kuzubaa, lakini usipange kula chakula cha mchana cha saa mbili. Anayeendelea Moshi atavuka mpaka wa Tanzania pale Taveta na kuingia Holili, kwa hiyo awe na hati ya kusafiria mkononi, isiwe ndani ya begi lililofungwa chini ya mengine.

Kilifi na Malindi: hapa kuna njia mbili. Ya kawaida ni kwenda mpaka Mombasa, kuingia mjini, kisha kupanda magari ya kaskazini. Ya pili ni kushuka Mariakani, kupanda matatu la Kaloleni, na kutoka hapo kwenda Mavueni, ambako barabara inatokea kwenye barabara kuu ya Mombasa–Malindi karibu na Kilifi. Njia hii inaukwepa msongamano wote wa Changamwe, Makupa na Nyali. Huenda ukabadilisha gari mara mbili, kwa hiyo inamfaa mwenye begi moja. Mwenye watoto watatu na masanduku atachoka, apitie Mombasa.

Ukunda, Diani, Msambweni, Lunga Lunga: shuka Mombasa. Stesheni iko Miritini, bara, si kisiwani. Njia ya gharama ndogo ni matatu mpaka mjini, kisha kivuko cha Likoni, ambacho mtembea kwa miguu halipi, kisha matatu la Ukunda upande wa pili. Kwa Diani utamalizia na tuktuk au boda kutoka Ukunda. Kama mko wanne, ulizeni bei ya teksi inayopita barabara ya Dongo Kundu. Barabara hiyo inaunganisha Miritini na barabara ya Likoni–Lunga Lunga bila feri, na bei ikigawanywa kwa wanne inaweza kukaribia ya matatu. Ukiwa peke yako, usiifikirie. Kwale mjini ni njia hiyo hiyo ya Likoni, ila unashuka Kombani na kupanda gari la kupandisha mlimani.

Lamu: Mombasa, kisha basi la kwenda Mokowe, kisha boti. Mabasi ya Malindi na Lamu yana ofisi kwenye barabara ya Abdel Nasser mjini Mombasa. Ya Lamu huondoka asubuhi, na njiani kuna vizuizi vya usalama ambako kila abiria huonyesha kitambulisho. Kata tikiti ya basi kabla hujatoka Nairobi, na usipange kufika Mokowe usiku.

Kwa upande mwingine wa nchi: treni za reli ya zamani za Nairobi–Nanyuki na Nairobi–Kisumu zilirudishwa miaka ya 2020 na 2021 kama treni za mwisho wa wiki, kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili. Zikiwa zinasafiri, nauli yake ni ndogo na zinafaa kwa anayekwenda Meru au Isiolo kupitia Nanyuki, au Siaya na Homa Bay kupitia Kisumu. Mvua kubwa na matengenezo huzisimamisha, kwa hiyo thibitisha wiki ile ile ya safari. Kwa Narok, reli ya SGR inafika Suswa, lakini matatu la moja kwa moja kutoka mjini lina magari mengi zaidi na halikuachi ukisubiri porini.

Hatua ya 3: Linganisha treni na gari la mwisho

Kwa kawaida treni tatu hutoka Nairobi kwenda Mombasa kila siku: ya 8:00 asubuhi, inayosimama vituo vya kati na kuchukua kama saa sita, ya 15:00, ya haraka, kama saa tano au zaidi kidogo, na ya 22:00, ya usiku. Thibitisha ratiba kila unapokata tikiti.

Kosa la kwanza hapa ni la saa. Tikiti huandikwa kwa mfumo wa saa 24. 8:00 ni saa mbili asubuhi, 15:00 ni saa tisa alasiri, 22:00 ni saa nne usiku. Ukimtumia mama ujumbe kwamba treni ni “saa nane” atakuandalia chakula cha mchana nawe umeshaachwa.

Kosa la pili ni la tarehe. Treni ya 22:00 ya Ijumaa inakufikisha Mombasa Jumamosi kabla ya mapambazuko. Chumba, basi la kuunganisha na mtu wa kukupokea vyote viandikwe Jumamosi.

Sasa fanya hesabu. Chukua saa ya kufika stesheni, ongeza saa moja na nusu ya kutoka nje na kufika steji, kisha tazama kama gari la mwisho bado lipo. Halipo? Badilisha treni, si matumaini. Ya saa tisa alasiri inafika Mombasa usiku, kwenye saa mbili na ushee, na kwa anayekwenda mbali ya Kilifi au Ukunda hiyo maana yake ni kulipia chumba. Chumba kimoja kinakula akiba yote. Kwa Lamu treni inayofaa ni ya usiku, kwa sababu inakuwahisha basi la asubuhi. Kwa mji wowote wa vituo vya kati ni ya asubuhi. Usidhani treni za haraka zitasimama kwenu kwa sababu reli inapita hapo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya safari nzima

Nauli ya daraja la kawaida Nairobi–Mombasa imekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na daraja la kwanza 4,500. Kwa safari nafuu, daraja la kwanza lisahau. Viti vya kawaida vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vinatazamana, na vinavumilika kwa saa sita.

Mfano wa hesabu, na nauli za barabarani ni za kukadiria tu, weka zile ulizoambiwa. Nairobi–Kilifi, mtu mmoja: kufika Syokimau 100, treni 1,500, Miritini mpaka mjini 100, mjini mpaka Kilifi 300. Jumla 2,000. Tuseme basi la moja kwa moja ni 1,600. Basi limeshinda kwa 400.

Sasa weka wazazi wawili na watoto wawili wa miaka 5 na 9. Treni ni 3,000 kwa wazazi na 1,500 kwa watoto, yaani 4,500. Vipande vingine, kila mtu na kiti chake, ni 2,000. Jumla 6,500. Basi, kila kiti nauli kamili, 6,400. Tofauti ni shilingi 100 kwa familia nzima, na watoto wametembea ndani ya behewa, wametumia choo bila kusubiri basi lisimame, na wameiona Tsavo dirishani. Msafiri wa peke yake afikirie basi. Familia yenye watoto wadogo ifikirie treni. Msimu wa Krismasi na Pasaka hesabu hubadilika tena, kwa sababu mabasi hupandisha nauli ilhali ya treni imepangwa.

Hatua ya 5: Kata tikiti

1. Piga *639# au fungua tovuti ya tikiti ya Shirika la Reli, metickets.krc.co.ke. Unaweza pia kwenda dirishani stesheni.
2. Chagua stesheni ya kupandia na ya kushukia. Hakikisha si “Mombasa” kwa mazoea kama unashuka Mariakani au Voi.
3. Chagua tarehe, treni, na daraja.
4. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho na namba yake. Soma namba mara mbili kabla ya kuthibitisha.
5. Lipa kwa M-Pesa na usifute ujumbe wa malipo wala wa tikiti.

Usimtumie mtu binafsi pesa ili “akushikie kiti”. Tikiti ina jina na namba ya kitambulisho, na jina lisipolingana na lako hupiti. Masharti ya kubadilisha au kurudishiwa pesa yasome kabla ya kulipa.

Kwa Ijumaa, Jumapili, sikukuu na juma la kufungua au kufunga shule, kata mapema iwezekanavyo, na ukate ya kurudi siku ile ile. Wengi hupata ya kwenda, kisha wanakwama Pwani viti vya kurudi vikiwa vimeisha.

Hatua ya 6: Fika Syokimau kwa wakati

Stesheni ya SGR haiko katikati ya jiji. Kuna njia mbili za bei ndogo: treni ya kuunganisha kutoka stesheni ya zamani ya reli pale mjini, na matatu za upande wa Syokimau. Chagua treni kila ratiba yake inapolingana na yako, kwa sababu Barabara ya Mombasa jioni haina huruma. Ukipanda matatu, ongeza saa nzima juu ya muda wa kawaida.

Tahadhari: Syokimau kuna stesheni mbili. Ile ya treni za mjini, iliyofunguliwa 2012, si ile ya SGR. Mwambie kondakta au boda “SGR”, usiseme “stesheni ya Syokimau”.

Lenga kuwa langoni saa moja na nusu kabla ya treni. Siku za sikukuu, saa mbili kabla.

Hatua ya 7: Ukaguzi

Mizigo hupangwa chini kwa mstari ikanuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine, nawe unakaguliwa mwili. Hurudiwa zaidi ya mara moja. Pombe, visu, panga, mafuta ya taa na mitungi ya gesi haviingii, na hakuna mahali pa kuviacha ukavipata ukirudi. Kama unampelekea mtu vyombo vya jikoni, visu vitume kwa basi la mizigo.

Ukikata tikiti kwa simu, tenga dakika za kuichapisha kwenye mashine za stesheni, na foleni yake huwa ndefu saa ya mwisho. Begi liwe la uzito unaoweza kuinua mwenyewe juu ya kichwa, maana ndiko linakowekwa. Maji na chakula cha kawaida nunua mjini, ndani ya treni bei iko juu.

Hatua ya 8: Ukishuka

Stesheni nyingi za SGR zimejengwa nje kidogo ya mji. Toka haraka bila kukimbia, kwa sababu magari ya kwanza hujaa na abiria wa treni hiyo hiyo. Kabla ya kupanda boda kubaliana bei na utaje steji kwa jina: “Nipeleke steji ya magari ya Taveta,” si “nipeleke mjini.” Ukisema mjini utashushwa mjini, kisha ulipe tena.

Miritini, wenye teksi watakufuata mpaka mlangoni. Wapite kwa heshima uende kwenye matatu. Ukifika usiku wa manane kwa treni ya usiku na hujui mji, panda gari lenye abiria wenzako, usifuate mtu gizani.

Hatua ya 9: Kurudi

Geuza hesabu. Treni ya asubuhi kutoka Mombasa nayo hutoka 8:00 na hupita Mariakani na Voi saa chache za mwanzo. Anayetoka Taveta lazima awe barabarani alfajiri sana, au alale Voi. Anayetoka Malindi, Lamu au Diani achague ya alasiri au ya usiku. Ya usiku hufika Nairobi kabla ya mapambazuko, kwa hiyo panga utakavyotoka Syokimau saa hiyo.

Mambo yakiharibika

Pesa zimekatwa, tikiti haijaja. Usilipe mara ya pili papo hapo. Subiri kidogo, angalia tena kwenye mfumo, kisha peleka namba ya muamala wa M-Pesa kwa huduma kwa wateja au dirishani.

Namba ya kitambulisho imekosewa. Nenda dirishani kabla ya siku ya safari. Kulitatua kwenye lango dakika 20 kabla ya treni ni kubahatisha.

Viti vimeisha. Jaribu treni nyingine ya siku hiyo, kisha siku ya kabla au ya baada. Jaribu pia kugawanya: treni kwenda, basi kurudi.

Treni imechelewa na gari la mwisho linaondoka. Ukiwa bado ndani ya treni, piga simu kwa ofisi ya sacco au kwa mwenyeji. Mara nyingine gari husubiri likijua lina abiria watatu au wanne wa uhakika, kwa hiyo uliza jirani zako kwenye behewa nani mwingine anaelekea huko. Mkiwa wengi mnaweza pia kukodi gari pamoja kwa nauli inayovumilika.

Gari limeondoka kabisa. Lala kwenye mji wa stesheni. Usipande lori wala boda la kilomita 100 usiku. Voi, Emali na Mtito Andei, zikiwa kwenye barabara kuu, zina vyumba vya bei ndogo, na magari ya kwanza huanza kujaza alfajiri.

Umekosa treni Syokimau. Nenda dirishani uulize nafasi ya treni inayofuata na masharti ya tikiti uliyonayo. Kama ulikuwa unakwenda Emali, Kibwezi au Voi, toka mpaka Barabara ya Mombasa upande basi au matatu. Bado utaliwahi gari lako la kuunganisha ikiwa hesabu ya hatua ya 3 uliiachia nafasi.